Waliposema Mtandao Upo

Nyinyi mliochukua kazi yangu, siku ile ya kuniaga mlinipa shikamoo zote kwa mkupuo mmoja nami nikajibu marahaba moja tu, ikanikaa rohoni. Basi nazigawa hapa. Marahaba Zainabu. Marahaba Kadzo. Marahaba Mwinyi, na marahaba Rama mwenye haya. Na wewe Brayani uliyesema "niaje mama", yako nimekuwekea. Siku utakayojua kuiomba utaipata.

Ofisi imeniambia niandike niliyojifunza katika kazi ya kuuliza watu, ili nyinyi msirudie makosa yangu. Nimekaa na daftari siku tatu. Makosa nayakumbuka yote, na majina ya niliowakosea nayakumbuka, na ya mama zao. Lakini nikitaka kusema hili lilikuwa kosa na hili lilikuwa sawa, kichwa kinanizunguka. Yako mambo niliyoyafanya vizuri yakaumiza watu. Yako mengine niliyoyafanya kwa ujinga, nikasifiwa mpaka nikapewa saa ya ukutani. Mimi nimesoma hadi darasa la nne. Nitaandika kama ninavyosema, nyinyi mtachambua wenyewe, pumba ni zipi na mchele ni upi.

Kwanza mjue kwamba sikuajiriwa kuuliza. Niliajiriwa kufagia. Ofisi ilikuwa papo hapo Changamwe, ghorofa ya pili juu ya duka la mabati, na kazi ya kampuni ni hii hii mnayoijua: kuvuta kebo za mtandao katika maofisi na maskuli ya pwani, kufunga kompyuta na kuzitengeneza zikikorofisha. Mkuu wa waulizaji alikuwa Bwana Karisa, Mgiriama wa Kisauni. Zamani alikuwa fundi wa kupanda ngazi, mpaka siku alipoanguka akavunjika mguu, akapewa meza. Mguu ulipona upande, kwa hiyo akikaa haukai naye. Unateleza, unakukanyaga, na yeye anasema samahani bila kuangalia.

Siku moja vijana wake wa chuo walirudi kutoka maofisi ya Mikindani na fomu zote zimejazwa neno moja. Mtandao wenu ukoje? Mzuri. Nyaya zenu zikoje? Nzuri. Bwana Karisa kashika kichwa, anasema haiwezekani, kama kila kitu ni kizuri sisi tumefungua kampuni ya nini. Mimi napangusa dirisha. Nikasema, wala sikuulizwa, kwamba wanamuuliza mtu asiyejua. Akageuka na kiti chake, akauliza basi nani anajua. Nikamwambia anayefagia.

Kwa sababu katika kila ofisi, wanangu, kuna waya ambao mfagiaji ameonyeshwa siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa choo. Ameambiwa huo usiuguse na ufagio, ukiugusa tu ofisi nzima inazimika. Meneja haujui waya huo. Meneja anajua mtandao ni mzuri. Muulize mfagiaji waya wa usiuguse uko wapi, na kama uko mmoja au zaidi. Ukiwa mmoja, wana shida ndogo. Wakikuonyesha mitatu, na mmoja umefungwa kwa utepe wa karatasi, wapelekee mafundi siku hiyo hiyo.

Bwana Karisa hakucheka. Juma lililofuata nilikuwa na mfuko wa kampuni begani na kalamu mbili, na ufagio alipewa Dzame.

Kazi yenyewe inaitwa utafiti wa soko. Aliponiambia kesho tunaanza utafiti wa soko upande wa Likoni, niliamka alfajiri nikaenda sokoni. Nilipita kila meza. Nilirudi ofisini na bei ya nyanya, bei ya muhogo, na habari kwamba Bi Mwanasiti Kassim hauzi tena nazi kwa kuwa mgongo umemkataa. Bwana Karisa aliisoma karatasi yote kwa heshima, mstari kwa mstari, kisha akasema polepole, "Mama, soko ni watu." Nikamjibu hata mimi nilikuta watu. Akasema hapana, soko ni watu walioko majumbani mwao. Mpaka leo hilo halijanikaa sawasawa. Mtu yuko kwake, hauzi kitu, hajataka kununua kitu, amelala zake adhuhuri, amekuwaje soko?

Lakini nilijifunza. Nilijifunza kwamba hodi ni tatu. Ya kwanza ni ya kuwapa nafasi wajistiri, ya pili unataja jina lako na la mtaa wako, ya tatu usipojibiwa ondoka, hata kama unawasikia wanaongea. Nilijifunza kutotoa kalamu mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme, haya, lete neno. Vijana wa chuo walikuwa wanaanza na "hii itachukua dakika tano tu", na milango inafungwa. Nani anamtaka mgeni wa dakika tano? Huyo ni kama aliyekuja kuomba moto. Mimi nilikuwa naulizia mgonjwa kwanza, na kila nyumba ina mgonjwa. Ukimaliza kuulizia mgonjwa, habari ya mtandao inakuja yenyewe. Ama binti yuko Uarabuni na wanamtazama kwenye simu, ama haji tena kwenye simu na hawajui ana nini.

Jambo lililonishinda ni moja. Bwana Karisa alikuwa na sheria yake, akiirudia kila asubuhi tukipanga mifuko: jibu ni la kampuni, jina ni la mwenyewe. Maana yake usiandike jina la mtu kwenye fomu, andika namba ya nyumba tu. Mimi namba hazinikai. Nyumba kumi na saba ni nini? Lakini ukiniambia nyumba ya Fumo, yule aliyeacha kuvua akafungua kinyozi, naiona mpaka pazia. Basi nikawa naandika pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo: wa Fumo, wa mke mdogo wa Fumo, wa yule mjane. Bwana Karisa akiona ananiambia nifute. Nilikuwa nasema nitafuta. Kifutio kilikuwa kinatoboa karatasi, nikaacha. Nyinyi mna bahati, hizo tableti zenu hazina pembeni.

Sasa niwaambie la Shika Adabu, kwa sababu ndilo lililonikalisha na daftari siku tatu.

Shika Adabu ni kwangu. Nimezaliwa huko Likoni ndani, nimeolewa huko, nimezika huko. Kampuni ilitaka kujua kama ilete kebo nene mpaka Shika Adabu, iingie majumbani na madukani, au iipeleke Chaani. Kebo ilikuwa moja, haigawanyiki. Fomu ilikuwa na maswali mengi lakini la kwanza, lililoamua mengine, lilikuwa hili: Je, mtandao upo? Aliyeliandika sijui ni nani. Mimi nililisoma kama lilivyo.

Mlango wa kwanza, kwa Tima Abdalla: upo. Mlango wa pili, kwa Riziki: upo. Kwa Fumo: upo, unaingia mpaka chumba cha nyuma. Nilipochoka kusoma swali zima nikawa nakata, nasema tu "Upo?" Mzee Bakari, asiyesikia vizuri, akanijibu, "Nipo, mwanangu, alhamdulillahi, ni miguu tu." Nikaandika ndiyo. Safu nzima ile, kutoka kwenye kisima hadi msikitini, kila mtu alinijibu upo. Nikapeleka fomu nikifurahi kwa kuwa hakuna iliyobaki tupu.

Ofisini ikawa msiba. Mkuu wa kampuni alikuwa Injinia Mutua, mtu wa Machakos, mpole, anayesema "tafadhali" hata akikufokea. Akasema kama kila nyumba ya Shika Adabu ina mtandao, basi kuna kampuni nyingine imetutangulia na hatukuambiwa. Akachukua gari akaenda mwenyewe. Akazunguka shingo juu, anatafuta nyaya za hao washindani. Hakuona kebo hata moja kwenye nguzo, ila moja tu, nayo ni yetu, iliyoingia katika saiba ya Saumu.

Saumu nimweleze. Ni binti Omari, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Saiba yake, duka la kulipia kompyuta na mtandao, ni chumba cha mbele cha nyumba ya mamake: kompyuta tatu, mashine ya kutoa kopi, kitambaa cha buluu cha kupigia picha za pasipoti. Huko ndiko mtu anajaziwa fomu ya cheti cha kuzaliwa, ya kitambulisho, ya mtoto kupata shule. Mamake Saumu amelala kitandani miaka, na wadogo zake wawili wanasoma. Chumba kile ndicho kilikuwa baba yao. Na chumba kile bila laini ya mtandao ni kopi na kitambaa cha buluu, basi.

Injinia aliporudi alituita, mimi na Bwana Karisa, tukae mezani. Akanimiminia chai kwa mkono wake. Fomu zangu zilikuwa zimetandazwa mbele yake.

"Mama Mwanamisi, hawa watu wote wana mtandao?"

"Hawakusema wanao, Injinia. Wamesema upo."

"Kwani si ni sawa?"

Nilishangaa mtu mwenye elimu yote ile aniulize hivyo. Nikamwambia mvua ipo, jua lipo, nani kasema ni lake? Akacheka, akasema sasa ameelewa, kumbe neno lenyewe ndilo lililotupoteza. Akanisogezea sahani ya mahamri.

"Na huo uliopo, unatoka wapi?"

Sasa mnielewe. Miaka yote ile nimeambiwa usiandike majina, futa majina, majina hayatakiwi. Leo mkuu wa kampuni mwenyewe ananiuliza jambo ninalolijua kuliko mtu yeyote duniani. Nikamjibu. Nikamwambia unatoka kwa Saumu binti Omari, mjukuu wa Mwanahalima aliyekuwa mkunga wa mtaa mzima, nyumba ya mlango wa kijani. Nikamwambia alianza kumpa Tima lile neno la siri, watoto wanaliita paswadi, kwa kuwa mtoto wa Tima alikuwa na mtihani. Akampa Riziki kwa kuwa Tima amepewa, atamnyimaje? Riziki akampa Fumo. Saumu akanunua kidude kingine chenye taa akakiweka juu ya paa ili Mzee Bakari naye asikose, ajaribu kusikiliza mawaidha. Niliwataja wote. Nilikuwa namsifu. Nilitaka Injinia ajue kwamba Shika Adabu kuna binti mwenye moyo.

Chini ya meza Bwana Karisa alinikanyaga. Nilijua ni ule mguu wake. Nikamwambia pole, nikaendelea.

Tulipotoka alinishika mkono kwenye ngazi, akasimama. Akasema, "Mama, umemchoma Saumu."

Akanieleza. Saumu alitia sahihi mkataba kwamba laini ni ya saiba peke yake, haitoki nje ya chumba. Anayeitoa nje anakatwa. Wiki iliyopita walimkata mtu wa Kisauni kwa kosa hilo hilo. Nikamwambia yule wa Kisauni alikuwa anauza, Saumu hauzi, anatoa tu. Kwani kutoa ni kubaya kama kuuza? Akasema kwenye mkataba ni kitu kimoja. Nikakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza ile laini ya Saumu aliivuta nani. Akasema ni yeye, kabla ya kuanguka. Nikamuuliza kama alijua inatoka nje.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana huwa siulizi."

Hayo wanangu sikufundishwa. Nilifundishwa namna ya kuuliza miaka mingi, na siku hiyo kwenye ngazi ndipo niliposikia kwamba kuna kazi ya kutouliza, na mwalimu wangu alikuwa anaifanya mbele ya macho yangu.

Kesho yake nilikwenda saiba kumwambia Saumu kabla barua ya kukatwa haijafika. Nilikuta watu wamekaa kwenye benchi, nami sikujua nimrukeje mtu aliyetangulia, basi nikakaa foleni. Zamu yangu ilipofika akaniuliza bila kuinua kichwa, "Nikufanyie nini, Ma Mwanamisi?" Nikamwambia yote, pale pale, watu wanasikia. Vidole vyake havikusimama, anaandika fomu ya mtu mwingine. Nilipomaliza akainua kibodi, chini yake kulikuwa na barua. Ilikuwa imefika kwa simu tangu jioni, yeye akaitoa kwenye karatasi ili mamake asomewe.

"Andika na hili," akasema. "Andika Saumu ameambiwa."

Sikuwa na fomu. Nilisimama na mfuko wangu, wa nyuma yangu akaniomba nimpishe.

Nilirudi kwa Injinia nikamwambia nilisema uongo. Akanionyesha fomu, na pembeni, kwa herufi zangu ndogo, kila mahali: wa kwa Saumu, wa kwa Saumu, wa kwa Saumu. Nikamwomba fomu zangu. Hakukasirika. Akasema, tafadhali mama, nimemkata yule wa Kisauni ambaye simjui, nitamwachaje huyu kwa sababu wewe unamjua? Hilo nalo nimeligeuza mpaka leo sijaliona kosa lake liko wapi.

Siku saba za ile barua zilipokwisha, Bwana Karisa alikataa fundi mwingine aende. Akaja mwenyewe na ngazi, akapanda kwa mara ya kwanza tangu aanguke, na mimi ndiye niliyeishika chini. Alichomoa taratibu kama mtu anayetoa mwiba. Mara watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, simu mikononi, wanaelekea mlango wa kijani. Mtandao haupo? Saumu amesimama mlangoni na buibui lake. Haupo. Hakuna aliyeambiwa sababu. Tima Abdalla ndiye aliyegeuka. Akanitazama mimi, akaitazama ngazi, akamtazama Bwana Karisa juu.

"Kumbe maswali yale yalikuwa na ngazi," akasema, akaingia kwake.

Sijapigwa maishani mwangu kama nilivyopigwa na maneno yale.

Injinia akanituma tena. Akasema sasa hawana, nenda uulize kila nyumba kama itachukua laini yake. Nilikwenda. Hodi tatu, tatu, tatu. Wengine hawakujibu, nami nikisikia wanaongea. Waliojibu walinisimamisha mlangoni, mimi niliyewafulia watoto wao nepi, wakanipa jibu moja kama waliokaa kikao: tunangoja urudi. Fumo, unataka laini yako? Tunangoja urudi. Riziki? Nangoja urudi. Nikimwambia hautarudi, ananiambia inshallah utarudi. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika hilo. Na huku wenzangu waliotumwa Chaani wanaleta fomu zimejaa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Injinia akasema basi, kebo inakwenda Chaani. Nikajua ikienda Chaani, ya Saumu ndiyo imekwisha, maana hakuna atakayerudi Shika Adabu kwa ajili ya chumba kimoja.

Saumu alikuwa anakaa saiba toka asubuhi na mlango wazi. Wenye fomu za serikali wanapita kwenda kuvuka feri wakajaziwe mjini. Hakufunga. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani akimwambia mamake kwamba leo watu wamekuwa wachache kidogo.

Nikaingia kwa Injinia bila kubisha, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nikasema, "Injinia, mimi biashara siijui. Lakini hawa hawangoji mtandao. Wanamngoja Saumu. Akija na waya mtu mwingine watangoja mpaka wazeeke. Uje kwa mkono wa Saumu, hutakosa nyumba."

Akazungusha kalamu. Bwana Karisa alikuwa mlangoni, nilimsikia mguu.

"Uje kwa mkono wake," akasema. "Autoe, au auuze?"

Hapo ndipo wanangu. Nilijua anachotaka kusikia. Nilijua pia Saumu ni mtu wa namna gani. Na nikajua nikisema autoe, kebo inakwenda Chaani.

"Auuze," nikasema.

Neno hilo ni langu, hakunitia mtu mdomoni.

Kebo ikaja Shika Adabu. Saumu akafanywa wakala, akatundikiwa kibao juu ya mlango wa kijani, akapewa fulana. Kila nyumba ikapata kidude chake chenye taa na paswadi yake. Nyumba hazikukosekana, kama nilivyosema. Saumu akaongeza kompyuta, mamake akapata daktari wa kuja nyumbani. Ofisini nikapigiwa makofi, nikapewa ile saa ya ukutani. Injinia alikuwa akiwasimulia wageni habari ya mama aliyejua tofauti ya "upo" na "wanao".

Na kweli, ukipita leo Shika Adabu ukauliza, hakuna anayekujibu upo. Wanakujibu ninao. Tima anao, wake. Fumo anao, wake, ameweka tangazo kinyozi kwamba ni wa wateja tu. Mzee Bakari hana. Riziki anao mwezi huu, mwezi ujao hana, kidude kinajizima chenyewe. Zamani Saumu hakuweza kumnyima mtu. Sasa ana mashine ya kumnyimia. Siku moja nilimkuta Riziki amekaa na mwanawe nje ya kinyozi, mtoto anajaribu kuvuta mtandao kupitia ukutani. Akaniambia bila hasira kabisa, "Kabla hujaja kuuliza, Ma Mwanamisi, tulikuwa nao."

Nilitaka kumwambia ule ungekatwa siku yoyote. Nilitaka kumwambia chumba cha Saumu kingekufa. Yote ni kweli, nayo yote yaliletwa na mdomo wangu, kisha yakatengenezwa na mdomo huo huo, na nikiyafuata toka mwanzo hadi mwisho napotea mahali fulani katikati, kila mara mahali pale pale, kwenye sahani ya mahamri.

Ofisi inataka nasaha. Basi msiulize "upo". Ulizeni "unatoka wapi". La, hilo msiulize. Ulizeni "unatosha?" Mtu atakayejibu hautoshi, huyo ni mteja, na hamjamtaja aliyempa. Hilo nililipata baadaye na limenisaidia Kisauni na Jomvu kote. Na majina msiandike. Mkuu akiwamiminia chai, inyweni, semeni ahsante, msimtajie mtu, hata kwa kumsifu. Kumsifu ndiko kubaya zaidi, maana unaeleza mpaka mlango.

Saumu hakunikosea adabu hata siku moja. Shikamoo alinipa kila asubuhi, na fomu ya pensheni yangu alinijazia yeye. Lakini nyumbani kwake, kwa mamake, hakunikaribisha tena. Nikipita nasalimu nje, najibiwa nje. Sikumlaumu. Niliona hivyo ndivyo ilivyo haki.

Juma lililopita nilisikia kupitia ukutani mamake amezidiwa. Nikajifunga kanga nikaenda. Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikabisha hodi ya kwanza, nikangoja. Nikabisha ya pili, nikasema ni mimi Mwanamisi.

Ikaja sauti ya Saumu, karibu kabisa na mbao.

"Mwanamisi yupi? Wa ukuta huu, au wa fomu?"

Nilifungua mdomo nimjibu wa ukuta huu. Ningesema hivyo ningekuwa nimemwambia anachotaka kusikia, kama nilivyomwambia Injinia. Nimestaafu, mfuko nimerudisha, lakini macho yangu yalikuwa yamekwisha kuhesabu taa zinazowaka kwenye kile kidude dirishani, zilikuwa nne, na ya tano imezimika, nami sikujua nimezihesabu kwa ajili ya nani.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Hodi ya tatu sikuibisha. Nilikuwa nimegeuka niondoke niliposikia komeo linavutwa.